Magimbi yasikuwashe mikono
Muwasho wa magimbi hauletwi na uchafu. Ndani ya gimbi bichi mna fuwele (chembe ngumu) za kemikali iitwayo kalsiamu oksalati, nyembamba na zenye ncha kama sindano, nazo huchoma ngozi. Ule utelezi wa gimbi ndio unaozisambaza, kwa hiyo menya gimbi likiwa kavu, na mikono mikavu pia, kuosha baadaye. Vaa glavu, au jipake mafuta ya kupikia mpaka kwenye vifundo vya mikono. Iliyo bora zaidi: yachemshe na maganda yake dakika 10, yapoe, ndipo umenye. Ukishawashwa usijikune, utazidi kuzizamisha fuwele hizo ngozini. Osha kwa sabuni na maji mengi, na tafadhali usiguse macho. Usionje bichi kamwe. Midomo au koo vikivimba, nenda hospitali mara moja.