Seva ya kukodi: pima kwanza, ndipo ulipe

Usianze na jedwali la bei. Anza na simu ya mtumiaji wako: yuko Mwanza au Kisumu, anatumia bando, na ombi lake linapita chini ya bahari kabla ya kuifikia seva yako. Ndani ya nyuzi za mkongo mwanga hukimbia takriban km 200,000 kwa sekunde, hivyo kila km 1,000 hula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni zaidi ya km 6,000 kwa mstari ulionyooka, na mkongo haunyooki. Muunganisho mpya wa HTTPS juu ya TCP huhitaji angalau safari tatu za kwenda na kurudi kabla baiti ya kwanza haijarudi: moja ya TCP (kufungua njia), moja ya TLS 1.3 (kuweka usiri) na moja ya ombi lenyewe. Safari moja ikichukua milisekunde 180, zaidi ya nusu sekunde imeshakwenda na programu yako haijafanya kazi yoyote.

Microsoft ilifungua vituo vya data Afrika Kusini mwaka 2019, AWS (huduma ya seva ya Amazon) ikafuata Cape Town 2020, na Google Johannesburg 2024. Kwenye ramani wako karibu kuliko Ulaya. Lakini njia ya data haifuati ramani: mtandao wa simu unaweza kuipeleka London au Marseille kwanza, kisha ndipo ishuke kusini. Kwa hiyo chagua kampuni tatu, kodisha kwa kila moja seva ndogo inayolipiwa kwa saa, washa hotspot ya simu (Wi-Fi ya ofisini itakudanganya), kisha endesha mtr, programu inayoonyesha kila ruta ambayo data inapitia:

mtr -rwc 100 anwani-ya-seva

Kwenye safu ya Loss% amini mstari wa mwisho tu. Ruta za katikati mara nyingi hupuuza pakiti za majaribio, na upotevu unaoonekana pale si upotevu wa kweli. Tazama pia majina ya ruta: ukiona lon (London), mrs (Marseille) au fra (Frankfurt) katika safari ya kwenda Johannesburg, umeshajua data inakopita. Rudia saa 4 asubuhi na saa 3 usiku, kwa laini za kampuni mbili tofauti. Tofauti ya usiku ndiyo watumiaji watakayokulalamikia.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Mkongo ukikatika hivyo, seva inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifikike. Kama mfumo wako unapokea malipo, weka nakala ya pili Ulaya hata kama ile ya kwanza iko kusini.

Sasa pima seva yenyewe, na uipe siku mbili, si dakika kumi. Baadhi ya seva za bei nafuu huanza kwa kasi ya akiba, yaani kasi kubwa ya muda inayoisha ukiitumia mfululizo. Kwa mfano, t3.micro ya AWS ina haki ya 10% tu ya kila kiini mfululizo. Akiba ikiisha, kwa mpangilio wake wa kawaida unatozwa ziada. Endesha vmstat 1 na utazame safu ya st, yaani muda ambao seva yako ilitaka kichakataji lakini haikukipata. Ikibaki juu ya 5% kwa saa nyingi, majirani (wateja wengine kwenye mashine ileile) wamejaa, hama. Kwa diski:

fio --name=jaribio --rw=randwrite --bs=4k --size=1G --fsync=1 --runtime=60 --time_based

Soma asilimia ya 99 (99.00th) chini ya sehemu ya fsync, yaani muda wa kuhakikisha data imefika kwenye diski. Ikiwa ni milisekunde 20, takriban muamala mmoja kati ya 100 wa hifadhidata ya PostgreSQL utasubiri muda huo au zaidi unapoandikwa, hata CPU iwe na nguvu kiasi gani.

Ahadi ya upatikanaji ibadilishe iwe dakika. Kwa mwezi wa siku 30, 99.9% inaruhusu kuzimika dakika 43, na 99.5% inaruhusu saa 3 na dakika 36. AWS huahidi 99.99% kwa EC2 (seva zake za kukodi) zilizotawanywa katika Availability Zone zaidi ya moja, yaani vituo vilivyotengana ndani ya eneo moja, lakini seva moja peke yake huahidiwa 99.5%. Ikishuka kidogo chini ya hapo, fidia ni krediti ya 10%: kwa seva ya dola 20 ni dola 2, tena mpaka uidai mwenyewe.

Bekapu ndiyo inayoumiza wengi. Moto wa OVHcloud huko Strasbourg, 10 Machi 2021, uliteketeza jengo la SBG2, na wateja waliokuwa na nakala palepale walipoteza seva na nakala pamoja. Snapshot (picha ya diski nzima) iliyo kwenye akaunti ileile ina hatari nyingine: akaunti ikifungwa, nayo imefungwa. Tuma pg_dump (nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL) kila usiku kwa kampuni nyingine, kwa ufunguo unaoweza kuandika lakini hauwezi kufuta. Kisha irudishe kwenye seva tupu ukiwa na saa mkononi. Muda utakaoupata ndio muda halisi wa kurejea kazini.

Kwenye gharama, chunguza data inayotoka. AWS Virginia hutoa GB 100 bure kwa mwezi, kisha dola 0.09 kwa GB. Ukitoa GB 500 unalipa dola 36, na Cape Town ni ghali zaidi. Anwani ya IPv4 peke yake ni kama dola 3.60 kwa mwezi. DigitalOcean huendelea kutoza seva iliyozimwa hadi uifute.

Kadi pepe ikikwama kwa kikomo au kuisha muda, seva inaweza kusimamishwa. Sajili kadi mbili, na uliza siku ngapi hupita kabla data haijafutwa. Taarifa binafsi za Watanzania ziko chini ya sheria ya 2022, za Wakenya sheria ya 2019. Zote zina masharti ya kupeleka data nje.

Kabla ya kulipa mwaka mzima, fungua tiketi kwa huduma kwa wateja yenye maswali mawili. La kwanza: mlango wa 25 umefungwa? Kampuni nyingi huufunga, na barua pepe ambazo mfumo wako unatuma moja kwa moja kupitia mlango huo hazitatoka. La pili: anwani ya IP inaweza kuhamishiwa seva nyingine bila kubadilika? Benki ikishaiweka anwani hiyo kwenye orodha yake ya zinazoruhusiwa, kuibadilisha kunaweza kuchukua wiki. Andika saa uliyotuma na saa uliyojibiwa.