Kupanga maji ya bonde kwa kompyuta: anza na mto mdogo, Malagarasi utakusubiri

Wakuu, vijana wa umwagiliaji wa huku Kasulu na Uvinza wakinifuata kuhusu modeli za maji (yaani mto ulioigizwa kwa hesabu kwenye kompyuta) wanakujaga na swali moja tu, "programu gani nzuri?" Hilo liache mwisho bwana. La kwanza ni nani anachota, wapi, na mwezi gani, maana mto hakuna anayeugombania mwezi wa tatu, ugomvi unaanza wa nane mpaka wa kumi.

Tuchukue mto Ruchugi, unaoshuka toka Kasulu mpaka unaingia mto Malagarasi pale Uvinza. Chora mstari kwenye karatasi, ongeza vijito, afu weka alama kila penye mchotaji: bomba la mji, skimu ya mpunga, bustani za kienyeji ambazo hazina kibali (hizi usizisahau, ndo nyingi).

Halafu hesabu za mkono. Milimita 1 ya mvua kwenye kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Kwa hiyo kijito chenye eneo la kukusanya mvua la kilomita za mraba 500 kikipata milimita 1,000 kwa mwaka ni mita za ujazo milioni 500, ila usishangilie, nyingi inarudi hewani, tuseme inafika mtoni asilimia 10 tu, umebaki na milioni 50, ukizisambaza mwaka mzima ni kama mita za ujazo 1.6 kwa sekunde, na kiangazi ni chini ya hapo sana. Sasa matumizi. Sera ya maji ya 2002 ilimpa mwanakijiji lita 25 kwa siku. Mpunga kadiria lita 1 kwa sekunde kwa kila hekta. Hekta 100 zinakunywa mita za ujazo 8,640 kwa siku, sawa na watu 345,600 wa lita 25! Mi siku ya kwanza nilirudia hiyo hesabu mara tatu nikidhani kalkuleta imeharibika.

Data ya mvua ipo bure, CHIRPS inaanzia 1981, ni ya setilaiti ikichanganywa na vituo vya chini, ilinganishe na kituo cha karibu kabla hujaiamini. Ya mtiririko waandikie barua Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, hapa hapa Kigoma. Ukipewa faili usikimbilie kuliingiza, chora grafu kwanza. Kuna faili moja nilikuta kina cha mto ni mita 1.42 siku kumi na tisa mfululizo, katikati ya masika, yaani mto umesimama kama picha! Msomaji wa kipimo alikuwa anaandikia nyumbani. Siku kama hizo acha wazi, usizijaze kwa kubuni.

Hapo sasa ndo programu. Kwa kugawa maji mi natumia WEAP, serikali, vyuo na mashirika yasiyo ya faida ya nchi zetu wanaomba leseni bila kulipa. Ile ramani ya karatasi unaichora tena humo, kila mchotaji unampa namba ya kipaumbele, 1 ndo wa kwanza kupata. Fuata sheria ya maji ya 2009: majumbani kwanza, pili maji yanayobaki mtoni kwa ajili ya mazingira, wengine baadae. Na angalia yuniti, niliwahi kuingiza lita sehemu ya mita za ujazo, skimu moja ikakausha mto mzima kwenye skrini.

Kalibresheni: chukua nusu ya miaka urekebishe modeli ifanane na mto, nusu nyingine uifiche uitumie kuipima. Kipimo cha Nash (alama ya jinsi modeli inavyofanana na mto halisi, 1 ndo sawa kabisa) kikivuka 0.5 kwa data ya mwezi, endelea. Ila angalia kiangazi kwa macho yako, maana Nash inapendelea mafuriko, inaweza kukupa alama nzuri huku mwezi wa tisa modeli inaonyesha maji mara mbili ya yaliyopo.

Ukishaizoea hiyo ndo uende Malagarasi, na huko kinachowashinda wengi ni mbuga. Ile ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingia Ramsar (mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu) mwaka 2000, ni hekta zaidi ya milioni 3, maji ya masika yanaingia yanatanuka, mengine yanapotea kwa jua, yanayobaki yanatoka taratibu. Ukiichora kama mfereji tu, modeli itakuletea kilele cha mto mapema na kikubwa mno. Iweke kama bwawa lenye uvukizi wake.

Sinario, yaani hali za "ingekuwaje kama" unazozijaribu kwenye modeli, tatu zinatosha: kama ilivyo leo, skimu zikiongezeka, na mvua ikipungua. Matokeo yaprinti, rangi nyekundu kwa miezi ya upungufu, uende nayo kwenye kikao cha watumia maji. Mzee akisema "hapa mwaka ule tulivuka bila kuvua viatu" na modeli yako inaonyesha maji ya magotini, muulize mwaka gani, andika, ukirudi fungua mwaka huo kwenye modeli uone ilikosea wapi.