Mti wa bunduki kuukuu: toa mafuta kwanza

Mti, yaani sehemu ya mbao, wa bunduki ya zamani ya kijeshi kama Mauser au Lee-Enfield uliokaa stoo miaka mingi huwa umekunywa grisi, na vanishi ukiipaka juu yake itabanduka tu. Fundi mwenye leseni akishatenganisha chuma, koroga unga wa chaki na spiriti uwe uji mzito, paka, anika juani mbali na moto. Ukigeuka kahawia, kwangua, rudia. Mara tatu au nne si ajabu.

Msasa usiukimbilie. Unakula kingo, chuma kinabaki kimejitokeza juu ya mti, na mihuri ya jeshi inafutika, nayo ndiyo thamani yenyewe. Palipobonyea weka kitambaa kilicholowa maji, gusa kwa pasi ya moto. Mvuke huinua nyuzi, ila zilizokatika hazirudi.

Maliza kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa (boiled linseed oil ya dukani): matone machache, sugua kwa kiganja, futa yaliyobaki baada ya dakika 15. Kwa baridi ya Juni na Julai hapa Arusha, usitegemee yakauke kwa siku moja. Yakinata, ulizidisha. Matambara yatandaze nje. Yakirundikwa hushika moto yenyewe.