Kuunga kichwa cha gitaa kwa mkato wa mshazari

Gitaa likianguka chali, mara nyingi huvunjika palepale: nyuma ya nati (kijipande chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo), kichwa kinapoanza kuinama. Shingo na kichwa vikichongwa katika ubao mmoja, mishipa ya mbao hunyooka na shingo, lakini kichwani hukatwa mshazari ikabaki mifupi. Ongeza mvuto wa nyuzi sita za chuma, takriban kilo 70. Dawa ni kukata ubao, kukigeuza kipande cha kichwa na kukiunga upya, ili mishipa ifuate kichwa chenyewe. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hawatalishangaa hili. Foromali ndefu, mti unaobeba tanga, nayo ni miti iliyoungwa.

Mbao. Mkangazi mkavu ndio chaguo langu. Mbambakofi ni imara lakini mzito, gitaa litalalia kichwani kila ukiliachia. Mvule unafaa, ila funika pua, vumbi lake linawasha. Ubao uwe na upana wa milimita 75 na unene wa 20.

1. Chora. Tunataka mwinamo wa digrii 15. Kwa unene wa milimita 20, mkato unakwenda milimita 75 kwa urefu. Weka alama mwanzo wa mkato juu na mwisho wake chini, uziunganishe ubavuni, pande zote, kisha vusha mistari kwa guni (kipimo cha pembe mraba). Acha sentimita 20 na zaidi kwa ajili ya kichwa.

2. Kata kwa msumeno, nje kidogo ya mstari.

3. Piga randa. Hapa usiharakishe. Weka kipande kifupi juu ya kile kirefu, mikato yote miwili itazame juu na ifuatane kuwa mteremko mmoja. Chini weka ubao wa taka ili ncha nyembamba isivunjike, kisha bana vyote kwenye ukingo wa meza. Piga randa kali kuteremka, vipande vyote viwili kwa pamoja. Simamisha rula ya chuma juu yake na utazame kwenye mwanga: mwanga ukipita katikati, endelea. Usimalizie kwa msasa wa mkononi, unaviringisha kingo na gundi haijazi pengo.

4. Unga. Kipande kifupi punguza hadi milimita 15, upande utakaokuwa mgongo wa kichwa. Kisha mkato wake ugusane na tumbo la shingo, yaani upande wake wa nyuma, na uso wake uendeleze mteremko wa shingo bila ngazi. Gundi ikipakwa, vipande huteleza, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kabla ya gundi, bana vikavu na upigilie misumari miwili myembamba kwenye kingo zitakazokatwa baadaye. Paka gundi nyepesi kwanza, mbao inywe, kisha paka tena na ubane. Acha saa 24. Ng'oa misumari kabla ya msumeno kupita!

Maswali ya wanachama

*Shela: Fundi, shikamoo. Nina msaji wa jahazi la zamani. Utashika gundi?*
Marahaba. Msaji una mafuta. Piga randa siku hiyohiyo ya kuunga, pangusa kwa asetoni, ikikauka tu tia gundi. Epoksi ni salama zaidi. Na utafute misumari ya zamani ndani yake, isije ikala randa yako.

*Malindi: Mbona gitaa langu la Fender halina mwinamo huu?*
Kichwa chake kiko sambamba na shingo, kimeshushwa chini kidogo tu. Halihitaji kiungo hiki. Lakini baadhi ya nyuzi hushikiwa na vibanio vidogo ili zikae kwenye nati.

*Mokowe: Naweza kufanyia ala ya udi hivihivi?*
Hapana, ndugu yangu. Kichwa cha udi kimekunjwa nyuma karibu pembe mraba, nacho ni kisanduku cha vigingi kinachoundwa peke yake.

*Lamu mjini: Sina vibanio vya kubania mbao.*
Kata mpira wa ndani wa baiskeli uwe ukanda, zungusha kwa nguvu, kisha ingiza kabari chini yake. Weka karatasi ya nailoni katikati, la sivyo mpira utaganda na gitaa.