Fishi ya konkuru: jaza unachokisoma kwenye karatasi, si unachokikumbuka

Fishi ya utambulisho inayotangulia mtihani wa kuingia chuo kikuu, ile tunayoiita konkuru, huwa na ukurasa mmoja au miwili tu. Aliyemaliza humanite, yaani sekondari, anaitazama na kuona kazi ya dakika kumi. Ila hapa Lubumbashi, Kongo (RDC), kuna vijana wanaotupwa nje na fishi hiyo kabla hawajaona swali la kwanza la hesabu.

Watu wa aparitora, ofisi ya chuo inayoandikisha wanafunzi, hawakujui. Wanachofanya ni kupanga karatasi zako pembeni kwa pembeni, yaani diplome ya serikali (cheti cha kumaliza sekondari), kadi ya mpiga kura, atestasio (hati) ya kuzaliwa na bordero ya benki (karatasi ya malipo), kisha kutazama kama zote zinamzungumzia mtu mmoja. Fishi ndiyo uzi unaozishona. Kwa hiyo usijaze kwa kichwa. Kila mstari unaoujaza, kidole cha mkono wa kushoto kiwe juu ya karatasi ulikoutoa.

Kabla ya kushika biki

Piga fotokopi mbili za fishi ikiwa bado tupu. Ya kwanza ijaze kwa penseli nyumbani, mezani, si kwenye foleni huku umeegemea mgongo wa mwenzako. Ya pili ni akiba. Fishi yenyewe iguse mwisho, kwa biki ya bluu au nyeusi, rangi moja tangu juu hadi chini. Fishi iliyoanzwa kwa bluu na kumaliziwa kwa nyeusi inaonekana kama imejazwa na watu wawili, na karani ana haki ya kuuliza. Rangi nyeupe ya kufutia usiilete kabisa. Jina lililopakwa nyeupe ni jina lililobadilishwa, hata kama ulikosea herufi moja tu.

Kama bado hujapokea diplome yenyewe, na wengi wanaotoka tu kwenye mtihani wa serikali hawajaipokea, tumia atestasio ya kufaulu. Isome kwanza herufi kwa herufi. Kosa lililomo humo litaingia pia kwenye diplome, na ni rahisi zaidi kulishughulikia ukiwa bado karibu na shule yako.

Majina matatu

Hapa ndipo penye kazi. Fishi zetu zina visanduku vitatu: "Nom", "Post-nom" na "Prénom". Post-nom ni mtoto wa siasa ya Mobutu, rais wa zamani, ya kurudi kwenye uhalisi. Mwaka 1972 majina ya Kizungu, yaani prénom, yalikatazwa, watu wakaongeza jina la kiasili mahali pake. Prénom ilirudi baadaye, post-nom haikuondoka. Fomu za vyuo vya nje hazina kisanduku hicho, lakini hapa kwetu kipo na lazima kijazwe kama diplome yako ina jina hilo.

Tuseme diplome inasema ILUNGA KABWE Patient. ILUNGA inaingia kwenye Nom, KABWE kwenye Post-nom, Patient kwenye Prénom. Rahisi, ila nyumbani na kanisani wote wanakuita Patient, na mkono unaandika Patient kwenye kisanduku cha kwanza. Matokeo yake si aibu ndogo. Orodha za vyumba vya mtihani hupangwa kwa alfabeti ya Nom. Utajitafuta kwenye I, kumbe uko kwenye P, katika jengo jingine, na kengele imeshalia.

Kisha tahajia. Mji huu una majina yanayoandikwa kwa njia mbili au tatu, na zote ni sahihi mdomoni: Mwamba na Muamba, Ngoy na Ngoie, Kyungu na Kiungu, Tshibangu na Cibangu. Ndugu zetu wa Bukavu wana shida yao: majina ya Kishi yana "rh" na "c" ambazo mwandishi asiye wa huko anazigeuza apendavyo, Cirhuza anakuwa Chiruza. Kwenye fishi hakuna mashauri ya nani anaandika vizuri. Andika kama diplome. Hata kama papa anaandika jina lake la ukoo kwa "y" na wewe diplome ikakupa "i", kwenye fishi wewe ni wa "i".

Usiangushe "wa" iliyo katikati ya jina kama diplome inayo, na usiiongeze kama haina. Usifupishe: "J.-Pierre" na "Jean-Pierre" mbele ya kompyuta ni watu wawili. Alama za juu ya herufi, kama za Noëlla na Désiré, ziandike kwenye karatasi kama zipo kwenye diplome. Kwenye fomu ya intaneti, mtambo ukizikataa, andika NOELLA na DESIRE bila kuhangaika.

Mapacha wawe macho zaidi. Mbuyi na Kabanga wana tarehe moja ya kuzaliwa, papa mmoja, anwani moja, mara nyingi hata shule moja na opsio (mchepuo) moja. Mkijaza fishi zenu kwa simu moja na barua pepe moja, mtambo unaweza kudhani mtu mmoja amejiandikisha mara mbili na kumfuta mmoja wenu. Kila mmoja aweke namba yake na barua pepe yake, na kila mmoja apeleke fardi yake, yaani jalada la karatasi zake, peke yake.

Kama kuna visanduku vidogo vya herufi, kila kimoja kinakula herufi moja ya chapa, kubwa. Kati ya jina na jina acha kimoja kitupu. Kwa kuwa tumefundishwa kuandika 1 yenye mkia wa juu kama Wafaransa, 7 yako ikate kwa mstari katikati, la sivyo 1 na 7 zitabadilishana. Sifuri usiifungue juu, itasomwa 6.

Ulikozaliwa na unakotoka

"Lieu de naissance" ni mahali ulipozaliwa. "Province d'origine", pamoja na territoire, sekteri au chefferie (ngazi za utawala chini ya mkoa) na kijiji, ni asili ya familia. Aliyezaliwa Lubumbashi na papa wake anatoka Kabongo anaandika Lubumbashi kwenye ya kwanza, na Haut-Lomami, territoire ya Kabongo, kwenye ya pili, hata kama hajawahi kufika Kabongo. Fishi zinafuata upande wa papa. Wabemba na Walamba, wanaohesabu ukoo kwa mama, watasema hilo si haki, na wana hoja. Lakini fishi si mahali pa kuidai: fuata asili inayoonekana kwenye karatasi zako nyingine.

Mtego mkubwa wa mstari huu ni mikoa. Tangu 2015 nchi ina mikoa 26, na Katanga si mkoa tena. Ndani ya orodha ya kompyuta utatafuta Katanga mpaka uchoke, kwa sababu imegawanyika kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Wa Kipushi, Kambove, Kasenga, Mitwaba, Pweto au Sakania achague Haut-Katanga. Wa Dilolo, Sandoa, Kapanga, Lubudi au Mutshatsha ni Lualaba. Wa Kamina, Bukama, Kaniama, Kabongo au Malemba-Nkulu ni Haut-Lomami. Wa Kalemie, Moba, Manono, Kongolo, Kabalo au Nyunzu ni Tanganyika. Familia zilizotoka Kasai nazo zitazame vizuri: Ngandajika na Mwene-Ditu sasa viko mkoa wa Lomami, si Kasaï-Oriental, hata kama karatasi ya zamani ya babu inasema hivyo.

Tarehe ni siku, mwezi, mwaka: aliyezaliwa tarehe 3 Julai 2006 anaandika 03/07/2006, sifuri zake zikiwamo. Kwenye intaneti soma kile kivuli ndani ya kisanduku. "jj/mm/aaaa" maana yake siku inatangulia. Ukiona "mm" mbele, mwezi ndio unaotangulia, na bila kugundua utajikuta umezaliwa Machi. Kosa lingine ni la uchovu tu: mkono unaandika mwaka tuliomo badala ya mwaka wa kuzaliwa. Fomu ya karatasi haitakuonya.

Kwenye "Sexe", M ni "masculin", yaani mwanaume, na F ni "féminin". Mswahili anaweza kusoma M kama mwanamke na asijue kosa liko wapi. "Nationalité" ni "congolaise" hata kwa kijana wa kiume, kwa kuwa neno lenyewe la Kifaransa ni la kike. "État civil" ni kuoa au kutooa; wengi wenu ni "célibataire".

Anwani na simu

Anza na namba ya nyumba, avenyu, kartie (mtaa), komine (manispaa), mji. Kwa Lubumbashi komine ni saba: Lubumbashi, Kenya, Kamalondo, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Anayekaa komine ya Kenya aangalie sana fomu ya intaneti yenye orodha ya nchi. Ukiandika herufi nne za kwanza kwenye kisanduku kisicho chake, mtambo unakupeleka Nairobi, na kuanzia hapo wewe ni mwanafunzi mgeni mwenye ada nyingine. Kwenye "Pays", tafuta République démocratique du Congo au "Congo (RDC)", usichague ile ya Brazzaville iliyo jirani yake kwenye orodha. Wa Goma nao wana mji na komine zenye jina moja. Kama unakaa Karisimbi, komine ni Karisimbi, mji ni Goma.

Simu: ukianza na +243, ile sifuri ya mbele inaondoka na zinabaki tarakimu tisa. Ukiandika +243 kisha 099, ujumbe wa chuo hautakufikia. Weka namba utakayokuwa nayo miezi sita ijayo, si ya simu ya kuazima. Na barua pepe iwe yako. Vijana wa siberi, duka la intaneti, wana moyo mwema, lakini wakikufungulia fomu kwa barua pepe ya duka, neno la siri linabaki dukani.

"Personne à contacter", yaani mtu wa kupigiwa, si mahali pa heshima. Usiandike jina la mjomba mkubwa anayeishi mbali na hashiki simu. Andika mama, au yaya yako (dada au kaka mkubwa), au yeyote anayepokea anapopigiwa. Kama papa amefariki, andika jina lake lote na neno "décédé" kwenye nafasi ya kazi yake. Kuacha wazi kunamfanya karani akurudishe.

Masomo

Jina la shule liwe la kwenye diplome, si la mtaani. Kama ni "Institut" usiandike "Lycée". Aliyepita mtihani wa serikali bila shule anaandika "Autodidacte". Mwaka wa diplome ni ule wa mtihani: mwaka wa masomo 2023-2024 unatoa diplome ya 2024. Asilimia iandike kama ilivyo. Mwenye 57 asijipandishe 60 eti ni karibu, maana namba hiyo itathibitishwa, na udanganyifu unafuta fardi nzima hata kama 57 ingetosha.

Seksio na opsio ndizo zinazoamua kama fakulte itakupokea kwenye konkuru yake. Soma tangazo lililobandikwa kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo, kabla ya kujaza chaguo la kwanza na la pili. Usiandike kitu kimoja mara mbili kwa kudhani unasisitiza. Chaguo la pili litahesabiwa tupu. Na sasa, kwa mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat), mwaka wa kwanza unaitwa L1. Anayeandika G1, jina la mfumo wa zamani, anaonyesha amenakili fishi ya kaka yake.

Picha, bordero, sahihi

Idadi ya picha pasipoti na rangi ya nyuma yake fuata tangazo. Picha zote ziwe za siku moja. Nyuma andika jina kwa penseli, taratibu, kwa sababu biki inapenya na kuonekana usoni. Bandika kwa gundi; pini ya stapla ikipita kwenye paji la uso, picha imekufa.

Ukilipa benki, jina kwenye bordero liwe la mtahiniwa. Mara nyingi anayelipa ni mjomba, na karani wa benki anaandika jina la aliye mbele yake. Mwambie mjomba aseme mapema: malipo ni ya fulani, kwa Nom na Post-nom. Mkilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wenye namba ya malipo na uunakili kwenye karatasi, maana simu zinaibiwa.

Chini kabisa kuna "Fait à Lubumbashi, le…": hapo ni tarehe ya leo, si ya kuzaliwa. Kama wanataka "Lu et approuvé" (nimesoma na kukubali), iandike kwa mkono wako, kisha sahihi ileile ya kwenye kadi yako, isiyotoka nje ya kisanduku.

Kabla ya kupeleka, mpe fishi mtu mwingine akusomee kwa sauti huku wewe unatazama diplome. Jicho la aliyeandika linaruka makosa yake.

Ukigundua kosa baada ya kupeleka, usijaze fishi ya pili kimya kimya. Majina mawili yatakuwa mbele ya chuo, na huenda yote yakawekwa pembeni. Rudi aparitora na risiti ya kupokelewa, diplome na bordero, uombe lisahihishwe kwenye fishi ileile, kisha uweke sahihi yako pembeni ya sahihisho. Kama kosa liko kwenye diplome yenyewe, anzia kwa prefe, mkuu wa shule uliyosoma. Kama ni atestasio ya kuzaliwa isiyokuwapo, ofisi ya komine inaandikisha mtoto ndani ya siku 90 tu tangu azaliwe. Baada ya hapo ni hukumu ya mahakama, na hiyo inakula wiki. Ianze sasa, usingoje tangazo la konkuru.

Orodha za vyumba zikibandikwa kwenye valvu, nenda mwenyewe ukazisome. Usitosheke na picha iliyozungushwa WhatsApp, kwa kuwa mara nyingi ukurasa wa mwisho haumo. Soma Nom, Post-nom, Prénom na namba ya chumba, uvinakili. Ukikuta herufi imehama, siku hiyohiyo panda aparitora ukiwa na diplome mkononi, maana asubuhi ya mtihani msimamizi mlangoni hana biki ya kusahihisha, ana orodha tu.