Usiseme tu "nimeibiwa": jinsi ya kueleza kisa chako katika kituo cha polisi

Nimekuwa mkalimani mahakamani huku Pwani ya Kenya kwa miaka 22. Namsomea mshtakiwa shtaka lake kwa Kiswahili, namfikishia hakimu maneno ya shahidi. Neno linalonipa kazi kuliko yote ni "kuibiwa". Aliyechomolewa simu ferini Likoni ameibiwa. Aliyepigwa ngeta, yaani kukabwa shingo, uchochoroni ameibiwa. Aliyevunjiwa mlango akiwa usingizini naye pia ameibiwa. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inawatenga watu hawa watatu mbalimbali kabisa: wizi wa kawaida ni kifungo cha hadi miaka 3, na wizi wa mabavu hukumu yake ni kifo.

Kuna mama mmoja simsahau. Kituoni alisema, "Vijana wawili walinichukulia mkufu," na ndivyo ilivyoandikwa. Siku ya ushahidi akaeleza kuwa mmoja alimkaba shingo kwa nyuma huku mwenzake akiukata ule mkufu. Wakili akamuuliza, "Mbona kukabwa hakumo kwenye taarifa yako?" Mama akainamisha kichwa, akawa anaviringa ncha ya leso kidoleni. Alikuwa anasema kweli, nami niliiona kweli hiyo ikipungua uzito mbele yangu.

Kwa hivyo ukifika kituoni, eleza vitendo kwa mpangilio wake, kimoja baada ya kingine. Nani alikugusa, wapi, kabla kitu hakijatoka mikononi mwako au baada? Hapo ndipo wizi unapogeuka unyang'anyi. Kifungu cha 295 kinataka mambo mawili: kitu kiibwe, na nguvu itumike au itishwe, wakati ule ule wa kuiba au mara tu kabla au baada yake, ili mwizi akipate kitu au asinyang'anywe. Mtu akikuchomolea simu hukuhisi, huo ni wizi. Ukamshika mkono naye akakusokota kidole ili aondoke nayo, umefika kwenye unyang'anyi, hata kama simu ilitoka mfukoni kimyakimya.

Kisha kuna kifungu cha 296(2), cha wizi wa mabavu, chenye adhabu ya kifo. Wengi hudhani lazima pawe na bunduki. Hapana. Yatosha moja kati ya haya: mwizi alikuwa na silaha au chombo cha hatari, au alikuwa na mwenzake hata mmoja, au alikupiga au kukujeruhi. Basi usisahau kusema walikuwa wangapi. Yule aliyesimama pembeni tu "akiangalia njia" mtaje pia. Kama umeumia, nenda hospitali mapema na uombe polisi fomu ya P3, ile ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Jeraha likishapona, hakuna wa kulieleza ila wewe.

Kuvunja nyumba ndiko kunakowashangaza watu. Jirani yangu aliegesha dirisha la mbao bila kutia komeo. Usiku mtu akalisukuma taratibu, akapitisha upembo, ule wa kuangulia maembe, akavuta suruali iliyotundikwa kitandani, pochi ikiwa mfukoni. Asubuhi jirani ananiambia, "Hakuvunja kitu, wala hakuingia." Nikamwambia kisheria amevunja na ameingia. Kifungu cha 303 kinasema kufungua mlango au dirisha kwa kusukuma, kuvuta au kuinua ni kuvunja. Na kuingia kunatimia pale sehemu yoyote ya mwili, au ya chombo anachotumia, inapokuwa ndani. Ncha ya upembo ilitosha. Lau dirisha lingekuwa wazi kabisa, shtaka lingekuwa jingine: kuingia katika makao ya mtu kwa nia ya kutenda kosa.

Hapa sasa saa ina uzito wake. Kuvunja makao ya mtu mchana ni hadi miaka 7. Usiku ni hadi 10. Na usiku wa sheria haufuati giza wala adhana ya magharibi: unaanza saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Ukisema "jioni jioni hivi" umeacha pengo. Taja saa, na useme umeijuaje: taarifa ya habari ilikuwa inaanza, au ulikuwa umetazama simu. Anayeandika akiwa anaandika kwa Kiingereza, hakikisha saa moja yako ya usiku imeandikwa saba. Nimeshaona ikiandikwa moja.

Kama ulimwona mtu gizani, eleza mwanga: globu ilikuwa wapi, alisimama umbali gani, ulimtazama kwa muda gani. Ikiwa unamjua, taja jina lake siku hiyo hiyo ya kwanza. Mahakama huuliza sana kwa nini jina lilikuja baada ya wiki mbili.

Kuingia tu bila idhini kuna sheria yake, Sura ya 294. Si lazima kitu kiibwe. Kuingia, kukaa, kulima, kujenga au kuachia mifugo katika ardhi ya mtu bila ruhusa ya mwenye kuikalia na bila sababu ya maana ni kosa, na aliyeshtakiwa ndiye wa kuthibitisha ruhusa aliipata. Nenda na hati au mkataba wa kupanga.

Kabla hujatia sahihi, omba usomewe taarifa yote kwa Kiswahili, polepole. Sikiliza kama kukabwa kumo, kama wale wawili wamo, kama saa ni ile uliyoitaja. Kilichoachwa kiongezwe hapo hapo mezani. Kisha chukua nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, uiandike mahali usipopoteza.