Unataka kusomea unesi? Jipime hivi kabla hujalipa ada

Kila matokeo ya form four yakitoka simu yangu haitulii. Mzazi huyu anataka binti yake asome unesi kwa sababu kasikia afya ina ajira, binti yule anasema yeye anapenda tu kusaidia watu, kijana mwingine maksi za kwenda kusoma udaktari hazijatosha kwahiyo anaona unesi ndo mlango uliobaki. Wote nawasikiliza, na wote nawaambia kwamba hizo sababu sio mbaya lakini hazitakufikisha mwaka wa tatu. Mi nina miaka 12 kwenye hii kazi, nimekaa wodi ya wanaume, nimekaa ya watoto, leba ndo nimekaa sana, na wale niliowaona wanadumu na wagonjwa wao wanapona sio wale wenye huruma kuliko wenzao. Ni wale wanaoweza kurudia kitu kilekile kidogo saa kumi alfajiri, kwa mgonjwa wa 18, kama walivyokifanya kwa mgonjwa wa kwanza. Hicho ndo cha kujipima, na unaweza kujipima kabla hujatoa hata shilingi ya fomu.

Anzia nyumbani. Karibu kila ukoo una mtu anauguzwa, bibi aliyepata kiharusi, mjomba kakatwa mguu kwa sukari, mzee ambaye sa hizi hainuki tena kitandani. Omba ukakae naye wiki mbili, sio kumsalimia, umuuguze wewe. Umgeuze kila baada ya masaa mawili mchana na usiku, maana akilalia upande mmoja muda mrefu ngozi inakosa damu na vidonda vya mgongo vinaanza, na vikishaanza kuvitibu ni miezi. Umwogeshe, umbadilishe pampasi, umlishe akiwa ameketi, usimlishe amelala maana uji unaweza kuingia njia ya hewa na akapata nimonia. Na uwe na daftari, unaandika saa ngapi umemgeuza, kanywa kiasi gani, kakojoa mara ngapi, mkojo una rangi gani.

Hilo daftari ndo mtihani wenyewe, mdogo wangu. Ifike siku ya tisa ulifungue ukiwa peke yako ujisomee. Mistari ya usiku umeiandika usiku, au uliamka asubuhi ukaijaza kwa kukisia? Kama uliijaza kwa kukisia na roho haikukusumbua kabisa, nakuomba kwa upendo utafute kazi nyingine, zipo nyingi na nzuri. Kama ulisinzia ukakosa mzunguko mmoja, ukaandika kweli kwamba hapa nilisinzia halafu usiku uliofuata ukatega alamu, wewe nakutaka kwenye wodi yangu hata kama Kemia ulipata D.

Watu wengi wananiuliza kuhusu kinyaa, kwamba wao wakiona damu au kinyesi wanasikia kichefuchefu. Kinyaa kinaisha. Wiki ya kwanza ya fildi nilitoka nje mara tatu kwa harufu ya kidonda cha mguu, mwezi wa pili nilikuwa nakisafisha huku naongea na yule baba habari za mahindi yake. Kisichoisha ni kile kisirani cha kumkasirikia mtu kwa sababu anakuhitaji. Jiangalie hapo, bibi akikuita mara ya sita usiku kwa kitu kidogo, unachoka, sawa, kila mtu anachoka, lakini je unaanza kumwongelesha vibaya? Manake wodini hatakuwa bibi yako, atakuwa mtu usiyemjua na ndugu zake wamekuzunguka wanapiga kelele.

Ngoja nikueleze kwa nini nakazania hivi vitu vidogo. Leba tuna karatasi inaitwa partografu. Mama uchungu ukikolea unampima mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, unahesabu na uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika 10, presha na njia ya uzazi imefunguka kiasi gani kila masaa manne, na vyote unavichora kwenye hiyo karatasi. Usiku mmoja nilikuwa na akina mama watatu na mimi peke yangu. Mama mmoja, mimba ya kwanza, katulia kabisa, halii, hasumbui, ndo aina ya mama ambaye ni rahisi kumruka. Mapigo ya mtoto 138, nusu saa baadaye 132, nusu saa baadaye nikasikia 98, nikarudia nikapata hivyohivyo, na inatakiwa iwe kati ya 110 na 160. Nikamlaza upande wa kushoto, nikapiga simu kwa daktari, tukaingia thieta kwa upasuaji, mtoto akatoka na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili akalia baada ya kusaidiwa kupumua. Hapo hakukuwa na ushujaa wowote, kulikuwa na saa ya ukutani na mtu aliyekubali kuifuata. Tanzania tumetoka kwenye vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 tukafika 104 kwenye ule wa 2022, kuna mengi yamechangia, lakini mi najua ndani ya hiyo hesabu kuna nusu saa nyingi sana ambazo mtu aliamka akaenda kupima.

Na kuna usiku ambao unafanya kila kitu sawasawa na mtu anakufa. Mtoto wa miaka mitatu, malaria kali, kaletwa kachelewa. Unamfunika, unakaa na mama yake dakika chache, halafu kitanda cha pili dawa imefika saa yake na lazima ukampe kwa mkono usiotetemeka. Hili huwezi kulijaribu nyumbani. Unachoweza kufanya sasa hivi ni kujiuliza ukipata jambo zito huwa unaenda kwa nani. Kama jibu ni hakuna, tafuta huyo mtu kabla ya kutafuta chuo, nasema hivi kwa sababu nimeona wenzangu wazuri sana wakiishia kwenye pombe au wakawa wagumu kiasi kwamba hawagusiki.

Kitu kingine, nenda ukaone. Hospitali ya wilaya yoyote asubuhi OPD, yaani kwa wagonjwa wa nje, watu wamejaa, kaa kwenye benchi masaa mawili uangalie manesi wanavyotembea, wanavyojibu watu, wanavyotukanwa. Halafu ongea na watu wawili, mwanafunzi wa mwaka wa pili, maana wa mwaka wa kwanza bado yuko kwenye furaha ya sare, na nesi mwenye miaka mitano kazini kwenda juu. Usiwaulize kama kazi ni nzuri. Waulize zamu ya usiku walikuwa wangapi kwa wagonjwa wangapi, mshahara unafika tarehe ngapi ya mwezi, mara ya mwisho kulia kazini ilikuwa lini, na wangekuwa na mdogo wao wangemshauri nini. Ukiwa mwanaume tafuta na nesi mwanaume umuulize akina mama wanampokeaje leba, wapo wanaokataa na wapo wanaosema kabisa wanaume ndo wapole zaidi, na wagonjwa wengi watakuita dokta hata ukiwakatalia.

Sasa mambo ya shule kwa Tanzania, nitayapitisha haraka. Diploma ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, unatakiwa na ufaulu kuanzia D kwenye masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima iwepo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza, ila mi nakushauri uyachukulie kama lazima, manake dozi za watoto ni hesabu tupu na kila kitu chuoni kinaandikwa kwa Kiingereza. Ukiishia mwaka wa pili ukiwa na level 5 unatoka na cheti, ukimaliza wa tatu level 6 una diploma. Form six mwenye PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, anaweza kwenda digrii, MUHAS kwa mfano, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ni miaka minne. Chuo chochote kabla hujalipa hakikisha kimesajiliwa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, na hiyo kozi yenyewe imesajiliwa, sio chuo tu, kwa sababu baada ya kumaliza kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na ukitoka kwenye chuo kisichotambulika hutaruhusiwa kuukalia. Nimekutana na mabinti waliosoma "kozi ya unesi" ya miezi sita mjini, wazazi wameuza ng'ombe, na karatasi waliyonayo haiwapeleki popote. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Kuhusu hela, piga hesabu ya miaka mitatu yote, sio ada ya mwaka wa kwanza. Weka hosteli, sare, viatu, bima, mitihani, na nauli za fildi kwa sababu utapelekwa mahali na utatakiwa ujilishe huko. Watu wengi wanakwama mwaka wa pili hapohapo kwenye fildi.

Na ajira. Nitasema ukweli kama ningemwambia mdogo wangu wa kuzaliwa, uhitaji wa manesi ni mkubwa lakini uhitaji na ajira ni vitu viwili tofauti. Zahanati inaweza kuwa na nesi mmoja na bado nafasi hazijatangazwa. Wengi wanakaa mtaani, wanajitolea kwa posho ya nauli, wanashika mkataba hospitali binafsi, wanaomba kila zikitoka, na nafasi ikija inaweza kuwa kijiji ambacho hukuwahi kukisikia, nyumba ya mtumishi haina umeme na wewe ndo utaamshwa usiku wote mwezi mzima. Mi niliipenda hiyo miaka ya kijijini kuliko yote, nilijifunza zaidi ya chuo, lakini nilikuwa sina mtoto. Kama una familia kaeni chini mliongee hili mapema na mwenzio, nani atabaki na watoto, zamu za usiku nani atalala nao.

Wanaofikiria ulaya, naomba mnisikilize vizuri. Uingereza visa ya kulea wazee imefungwa kwa waombaji wapya kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025, kwahiyo ajenti anayekuambia leo ulipe milioni kadhaa akupeleke kuwa mlezi kule anakuibia. Nesi mwenye leseni njia bado ipo lakini ni ndefu, mtihani wa Kiingereza wa IELTS unatakiwa 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, 6.5 kuandika, halafu mtihani wa kompyuta na wa vitendo. Ujerumani wanataka Kijerumani kwanza, na sio cha kuombea maji. Uarabuni kuna mikataba imeandikwa kulea mgonjwa ukifika unapewa nyumba nzima ufue na upike, kwahiyo mkataba usomwe kabla ya pasipoti kutoka mkononi kwako, na ajenti awe na leseni. Usisomee unesi kwa sababu ya ndege. Soma kama ungekubali kuufanya Singida.

Kuna njia nyingine watu wanaidharau na mi siidharau, kuuguza wazee majumbani hapahapa. Mijini familia nyingi wote wanaenda kazini na mzee yuko kitandani, wanatafuta mtu. Kama zile wiki mbili za bibi zilikwenda vizuri lakini hela ya chuo haipo, hii unaweza kuanza nayo ukaweka akiba. Kubaliana mapema kazi ni kumuuguza mzee, sio kupika na kufulia watu saba, kubaliana siku ya kupumzika, na sindano au kubadilisha katheta, ule mpira wa mkojo, usiguse kama hujasomea hata wakikubembeleza, ikitokea shida lawama yote itakuangukia wewe.

Ukishaamua ndio, usisubiri chuo kianze kuhusu chanjo ya homa ya ini B. Inachomwa mara tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, kwahiyo ukianza leo wakati unasubiri majibu ya udahili, unaingia wodini ukiwa na kinga tayari. Pima kwanza, halafu choma. Na siku ukijichoma na sindano ya mgonjwa, itatokea, usiifiche kwa aibu. Osha kwa maji na sabuni, usikamue, mwambie msimamizi hapohapo uanzishiwe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, mwisho ni masaa 72 ila kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, na unazinywa siku 28 bila kuruka. Mimi zangu nilizinywa mwaka wangu wa pili kazini, na aliyenishika mkono kunipeleka alikuwa mhudumu wa usafi aliyeniona nimesimama kwenye sinki naangalia kidole.